Randa kuukuu za Sheffield na mbao za mwaloni za sakafu: kazi ianzie wapi?

Mleta uzi

Wadau wa mbao, salamu.

Nyumba nyingi za zamani hapa Nairobi zinabomolewa kupisha maghorofa. Kilimani, Lavington na Parklands hali ni hiyohiyo. Humo ndani hutoka mbao ambazo huzipati tena dukani: muhuhu, mvule, na mara chache mwaloni halisi wa Ulaya. Wakati huohuo, kwenye mafungu ya vyuma chakavu Gikomba na kwa mafundi wazee wanaoacha kazi, bado unapata randa za chuma za Stanley na Record zilizotengenezwa Sheffield, Uingereza, zimejaa kutu, zinapimwa kwa kilo. Vitu hivi viwili vinafaana sana, na inaniuma kuona kimoja kikiyeyushwa na kingine kikichomwa kuwa kuni. Naandika ninayoyajua, nanyi mnijazie au mnipinge.

Msimamo wangu nautoa mapema. Wengi wanaofufua randa humaliza nguvu zao mahali pasipo na faida: wanang'arisha ubavu wa chuma hadi uonekane kioo, wanapaka rangi mpya, halafu kisu wanakinoa dakika kumi. Randa inakata kwa sababu kisu ni kikali na kimekaa imara. Ubao wa sakafu nao hutulia kwa sababu umekauka kabla ya kurandwa. Anayeshughulikia mambo hayo mawili kwa uaminifu atapata sakafu nzuri hata kama randa yake ina madoa.

Kidogo kuhusu asili yake, maana inasaidia wakati wa kutafuta vipuri. Muundo huu ni wa Mmarekani Leonard Bailey, na kampuni ya Stanley ilinunua biashara yake mwaka 1869. Record, jina la biashara la C. & J. Hampton wa Sheffield, walianza kutengeneza randa za muundo huohuo miaka ya 1930, na Stanley nao wakaanza kuzitengeneza Sheffield katika muongo huo. Ndiyo maana kisu cha Record namba 05 huingia kwenye Stanley namba 5 bila ugomvi, vyote vikiwa na upana wa inchi 2. Namba 4 ina urefu wa inchi 9 hivi na ni ya kulainisha. Namba 5 ina inchi 14, hii ndiyo ya kazi ngumu. Namba 7 ina inchi 22, ni ya kunyoosha. Kwa kuandaa mbao za sakafu, ukipata 5 na 7 umejitosheleza.

Unaponunua, usiogope kutu ya juujuu. Ogopa ufa. Mwili wa randa ni chuma cha kusubu, na chuma hicho kikianguka kwenye saruji hupasuka. Kagua pembe za mdomo ambamo kisu hutokea, kagua mbavu zote mbili, na kama kuna mstari wa rangi ya dhahabu ujue kuna mtu alishawahi kuuziba ufa kwa shaba. Igonge kwa ufunguo: chuma kizima hulia, chenye ufa hutoa sauti butu. Kisha hesabu skrubu. Nyuzi za skrubu za Stanley si za kawaida, na hakuna duka la Kirinyaga Road litakalokupa ya kulingana nazo, kwa hiyo randa isiyo na skrubu zake iache, au inunue kwa ajili ya kung'oa vipuri tu. Mwisho, geuza kisu utazame upande wake wa bapa karibu na makali. Vishimo vya kutu vikiwa hapo na ni virefu, kisu hicho kimekwisha hata kama bado ni kirefu, kwa sababu makali hayawezi kunyooka juu ya shimo.

Kutoa kutu. Kuna njia tatu ambazo mtu wa Nairobi anaweza kuzimudu.

Siki ya dukani: fungua randa yote, loweka vipande usiku mmoja, asubuhi sugua kwa brashi ya waya, suuza kwa maji yenye magadi kidogo ili kuua asidi, kausha hapohapo na upake mafuta. Usiache zaidi ya hapo, siki haichagui kati ya kutu na chuma.

Molasi ya ng'ombe, ile ya agroveti: kipimo kimoja kwa maji tisa, wiki moja au mbili. Ni ya polepole na inanuka, lakini ni ya upole.

Umeme: hii ndiyo ninayoipenda kwa mwili wa randa. Beseni la plastiki, maji, na magadi soda kijiko kimoja cha mezani kwa kila lita nne au tano. Magadi yanayotoka Ziwa Magadi, kusini mwetu, yanafaa kabisa, maana soda ndiyo inayopitisha umeme. Waya hasi wa chaja ya betri ya gari ufunge kwenye randa, waya chanya kwenye kipande cha chuma kikuukuu, na viwili hivyo visigusane ndani ya maji. Kutu hulegea na kutoka kirahisi. Mambo mawili ya usalama, na hapa sitanii na mtu: usitumie chuma kisichoshika kutu upande wa chanya, kwa sababu kina kromi na maji yatakuwa sumu. Na fanya kazi hii nje, mbali na moto, kwa kuwa viputo unavyoviona humo ni pamoja na haidrojeni.

Ukishaitoa, kausha upesi. Chuma kilichotoka majini huanza kushika kutu mpya wakati bado unatafuta kitambaa.

Kisu. Hapa ndipo pa kukaa.

Anza na upande wa bapa. Huna haja ya kuunyoosha wote, milimita chache karibu na makali zinatosha, ila hizo chache ziwe bapa kabisa. Bandika msasa kwenye kipande cha kioo kinene, anza na namba 220, panda hadi 1000 au zaidi, hadi uone ukanda unaong'aa kutoka pembe hadi pembe. Kisha mteremko: digrii 25 kwenye grenda, halafu makali yenyewe digrii 30 kwenye jiwe la kunolea. Kwenye grenda chovya majini kila mara. Chuma cha visu hivi vya zamani ni cha kaboni, na kikigeuka rangi ya buluu ugumu wake umeondoka. Itabidi usage sehemu hiyo yote mpaka ipite.

Kisu cha namba 5 usikinoe mraba, yaani makali yaliyonyooka. Kipe upinde, kama sehemu ya duara yenye nusu kipenyo cha inchi 8 hadi 10. Kisu chenye upinde huchukua maranda mazito katikati bila pembe zake kuchimba ubao, na hiyo ndiyo siri ya kuondoa mbao nyingi bila kuvunjika mgongo. Cha namba 7 kiwe karibu mraba, pembe umezilegeza kidogo tu.

Halafu kuna lile bamba linalofungwa juu ya kisu. Watu hulipuuza, ilhali kwa mwaloni wenye nyuzi zinazogeukageuka ndilo linalozuia kuchanika. Ukingo wake ulale juu ya kisu bila mwanya hata wa unywele, la sivyo maranda yataingia katikati na randa itaziba kila hatua mbili. Inue mbele ya dirisha: ukiona mwanga kati ya bamba na kisu, rudi kwenye jiwe. Kwa kazi ya kwanza ya kupunguza, liweke milimita 1 hadi 2 nyuma ya makali. Kwa kumalizia, sogeza hadi chini ya nusu milimita. Utahisi randa imekuwa nzito kidogo, lakini nyuzi haziinuki.

Chini ya kisu kuna kitako chake, kile kipande kilichofungwa kwa skrubu mbili. Safisha pale kinapokutana na mwili, mara nyingi kuna rangi kavu na gundi ya miaka. Kikitikisika, kisu kitapiga kelele juu ya mwaloni na kuacha mawimbi.

Soli ya randa, yaani uso wake wa chini, naipitia haraka. Chora mistari ya penseli, sugua kwenye msasa namba 80 juu ya kioo huku kisu kikiwa kimefungwa mahali pake lakini kimerudishwa ndani, kwa sababu mkazo wa kibanio kinachoshikilia kisu hubadilisha umbo la mwili kidogo. Mistari ikifutika mbele kabisa, mbele tu ya mdomo, na nyuma kabisa, acha. Shimo katikati ya soli halikudhuru. Paka mshumaa chini, endelea na kazi.

Kuhusu mbao zenyewe nitaandika baada ya kusikia maswali.

---

Mwanagenzi

Shikamoo fundi. Nina randa moja ya Record, namba 05. Lile gurudumu dogo la shaba la kushusha kisu likizungushwa kulia, kisu kinashuka badala ya kupanda. Je, limefungwa vibaya? Na mpini wa nyuma umevunjika pembe ya juu, nibadilishe?

Mleta uzi

Marahaba. Halijafungwa vibaya, nyuzi za skrubu yake ni za kushoto, na randa nyingi za muundo huu ziko hivyo. Usilazimishe kwa koleo. Jambo la kuzoea ni hili: kabla ya kuanza kuranda, hakikisha mzunguko wako wa mwisho ulikuwa wa kusukuma kisu chini. Gurudumu lina ulegevu, na kama ulimalizia kwa kurudisha juu, kisu kitajirudisha chenyewe katikati ya ubao.

Mpini wenye pembe iliyovunjika unafanya kazi vizuri tu kama hauumizi mkono. Ukitaka kutengeneza mwingine, kipande cha mvule kikavu kinatosha. Kata ili nyuzi za mbao zilale sambamba na soli, zisisimame wima, la sivyo utavunjika tena mahali palepale.

---

Fundi wa Kariobangi

Ndugu, nimesoma kwa heshima, lakini naomba kukupinga. Mimi nina mashine ya kuranda hapa karakana. Mteja akileta mbao za sakafu, nazipitisha pande zote, kesho yake amechukua. Anayelipwa kwa kazi hawezi kuranda sakafu ya sebule kwa mikono. Hizi randa ni za kurekebisha mlango tu.

Mleta uzi

Ndugu yangu, kwa mbao mpya, nyoofu, kutoka kwa muuzaji, nakubaliana nawe kabisa. Mimi mwenyewe mbao za namna hiyo nazipeleka kwenye mashine.

Lakini ubao uliotoka kwenye nyumba ya zamani una mambo mawili. La kwanza ni misumari. Pitisha sumaku juu ya kila ubao, ng'oa unachokiona, na bado kutakuwa na msumari uliokatika ndani. Kisu changu kikigusa msumari nakinoa upya jioni hiyo. Visu vya mashine yako vikigusa, unajua mwenyewe hasara yake, na ndiyo maana karakana nyingi zikisikia mbao ni za kubomolewa hurudisha mteja mlangoni. La pili ni mpindo. Ubao uliojipinda ukiingia kwenye mashine ya unene, rola zinaugandamiza uwe bapa, visu vinapita, na ukitoka upande wa pili unarudi palepale ulipokuwa, ila sasa ni mwembamba. Lazima upande mmoja unyooshwe kwanza. Nanyoosha upande mmoja kwa randa ya mkono, nahakikisha hakuna chuma, kisha anayetaka aulete kwako kwa upande wa pili. Hapo randa na mashine zinasaidiana.

Fundi wa Kariobangi

Hapo kwa misumari umenipata. Mwezi uliopita nilibadilisha seti nzima ya visu kwa sababu ya ubao mmoja wa mvule. Lakini mteja awe tayari kulipia hiyo kazi ya mikono, tusidanganyane.

Mleta uzi

Kweli kabisa. Na aambiwe bei kabla, si baada.

---

Mkaazi wa Kikuyu

Habari zenu. Mimi si fundi, najenga nyumba yangu pole pole. Nimenunua mbao ambazo muuzaji aliniambia ni za oki, yaani mwaloni, zimetoka kwenye nyumba iliyobomolewa. Nitajuaje kama ni kweli? Jirani anasema ni mukima tu. Pia nimeambiwa nizipige randa nizilaze wiki hii kabla mvua haijaanza.

Mleta uzi

Karibu sana, na asante kwa kuuliza kabla ya kuzipigilia.

Hapa kwetu kuna miti mitatu inayouzwa kwa jina hilo. Kuna ile inayoitwa Meru oak, Vitex keniensis, mti wa pande za Mlima Kenya ambao ni jamaa ya msaji, si wa ukoo wa mwaloni. Kuna grevilia, huo mukima wa jirani yako, uliotoka Australia na kupandwa kwenye mashamba ya kahawa kwa kivuli. Na kuna mwaloni wenyewe, ambao hapa ni wa kuagizwa. Mitatu yote inaweza kuwa sakafu, lakini haina ugumu sawa wala haitembei sawa, yaani haivimbi na kusinyaa sawa.

Kata kichwa cha ubao kwa kisu kikali kabisa kipate uso safi, kilowanishe, kitazame kwenye jua. Mwaloni una vitundu vikubwa vilivyopangwa mstari kufuata pete za mti, na mistari mipana inayotoka kwenye moyo kuelekea ganda. Grevilia pia ina mistari hiyo mipana, na ndiyo inayowachanganya watu, lakini vitundu vyake havijapangwa namna hiyo, na ubao ni mwepesi zaidi mkononi. Jaribio la pili: loweka waya wa kusugulia sufuria kwenye siki siku moja, dondoshea tone kwenye mbao. Mwaloni una tanini nyingi na hugeuka kijivu au mweusi muda si mrefu. Peke yake jaribio hili halitoshi, kwa kuwa kuna mbao nyingine zenye tanini, lakini ukiliunganisha na kichwa cha ubao utapata jibu. Ikiwa ni grevilia, vaa barakoa na mikono mirefu, vumbi lake huwasha ngozi za watu wengine.

Kama zina rangi kuukuu juu yake, usizisugue kwa msasa zikiwa kavu. Rangi za zamani nyingi zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni hatari kwa watoto hasa. Iondoe kwa dawa ya kulainisha rangi, au ikwangue ikiwa imelowa, na takataka uzifunge.

Sasa hili la "wiki hii kabla ya mvua". Tafadhali usifanye hivyo. Hii ndiyo sehemu ya uzi huu ambayo ningependa kila mtu aisome mara mbili.

Mbao hunywa na kutoa unyevu kulingana na hewa iliyo nayo. Mwaloni mweupe wa Marekani uliopasuliwa bapa, yaani sambamba na pete za mti, hupungua au kuongezeka upana kiasi cha milimita 0.37 kwa kila milimita 100, unyevu wake ukibadilika kwa asilimia 1. Inaonekana ndogo. Chukua chumba cha upana wa mita 4, mbao za milimita 100, yaani mbao 40. Ukizilaza zikiwa na unyevu wa asilimia 15, kisha Januari na Februari zikashuka hadi 11, kila ubao unapoteza karibu milimita 1.5. Kwa chumba kizima ni milimita 59. Hizo ni nyufa za kupitisha sarafu. Kinyume chake, ukilaza mbao kavu sana na kuzibana ukutani, mvua za Machi hadi Mei zitaziinua kutoka chini. Hakuna randa wala gundi inayoshindana na nguvu hiyo.

Kwa hiyo pima. Kama huna mita ya unyevu, tumia mizani ya jikoni na oveni. Kata kipande kidogo, si mwishoni mwa ubao bali angalau sentimita 30 ndani, kwa kuwa ncha hukauka mapema na zitakudanganya. Kipime uzito. Kiweke kwenye oveni, nyuzi joto 103, ukipime tena na tena hadi uzito usishuke. Tofauti ya uzito igawe kwa uzito wa mwisho, zidisha kwa 100. Kipande kilichokuwa gramu 118 kikaishia 104 kilikuwa na maji gramu 14, yaani asilimia 13.5.

Halafu zipange mbao ndani ya chumba chenyewe zitakamolala, madirisha yakiwa na vioo, plasta na zege vikiwa vimekauka. Weka vijiti vya unene mmoja kati ya ubao na ubao, vijiti vikae mstari mmoja wima kutoka chini hadi juu. Chagua ubao mmoja uupime uzito kila wiki. Uzito ukiacha kubadilika, mbao zimezoea nyumba. Hapo ndipo ushike randa.

Na zege lako lina umri gani? Kwa tabaka la saruji, kanuni ya mafundi wa Uingereza ni siku moja kwa kila milimita hadi milimita 50, ikizidi hapo huchukua muda mrefu zaidi. Slabu nene ya msimu huu usiilaze mbao juu yake msimu huu.

Mkaazi wa Kikuyu

Nimekata kichwa cha ubao kama ulivyosema. Vitundu viko mstari, na mistari mipana ipo. Tone la siki limegeuka jeusi kama wino. Zege nilimwaga miezi miwili iliyopita, nene sentimita 10. Basi nasubiri. Nitaanza na randa wakati huo.

Mleta uzi

Hongera, una mwaloni. Na umefanya vema kusubiri.

---

Mama Sakafu

Nimeweka sakafu za mbao hapa mjini miaka mingi, naongezea. Uliyosema kuhusu unyevu ni kweli tupu, wateja hawapendi kulisikia. Lakini hujaeleza jinsi ya kuuandaa ubao wenyewe, na vijana wanasubiri. Pia nataka usemee hili: upande wa moyo wa mti uwe juu au chini? Mimi nawafundisha wangu upande wa ganda uwe juu.

Mleta uzi

Asante mama, nilikuwa naelekea huko.

Ubao ukikauka, pete za mti hujaribu kunyooka. Kwa hiyo kingo huinuka upande wa ganda. Ukiweka ganda juu na ubao ukaendelea kukauka, unapata mfereji kidogo. Ukiweka moyo juu, unapata mgongo katikati. Ganda juu ina faida moja kubwa: upande wa moyo kwenye mbao laini huachia magamba membamba yanayochoma miguu. Kwa mwaloni shida hiyo ni ndogo, na mimi huchagua uso mzuri zaidi, kwa sharti kwamba mbao zimekauka na si pana kupita milimita 125. Wale wanaopata mbao zilizopasuliwa kuelekea moyo wana bahati, hizo hutembea karibu nusu tu na hazijikunji.

Utaratibu wangu wa ubao mmoja:

Naulaza mezani upande ulio na shimo ukiwa chini, ili usiyumbe, na nasukumia vipande vyembamba chini ya kona inayocheza. Naweka vijiti viwili vilivyonyooka, kimoja kila mwisho, nainama nitazame juu yake: vikiwa sambamba hakuna mpindo, vikikatana najua kona zipi ziko juu. Naanza na namba 5 yenye kisu cha upinde, nikiranda mshazari, kukatiza nyuzi, kona zile za juu kwanza. Mwaloni ukikatwa mshazari hautoi ukaidi mwingi. Upande wa mbali ukingo unaweza kumeguka, kwa hiyo ule ukingo naulegeza kwanza kwa kupiga mteremko mdogo. Vijiti vikikubali, nabadilisha kwa namba 7 nikiranda kwa urefu, hadi maranda yatoke mazima kutoka mwanzo hadi mwisho, membamba kama maganda ya kitunguu.

Kisha ukingo mmoja, mraba na uso huo, kwa namba 7. Kisha upana sawa kwa mbao zote za mstari mmoja. Kingo zote nazilegeza kuelekea chini, digrii moja au mbili tu, ili mbao mbili zikikutana zibanane juu kwanza, na chini kubaki na mwanya usioonekana. Bila hilo, chembe moja ya takataka chini inatosha kufungua mwanya juu.

Upande wa nyuma usijichoshe. Mafundi wa Uingereza wa karne ya 18 walipima unene kwenye kingo, na upande wa chini wakapunguza kwa tezo mahali ubao unapolalia tu, pengine wakapaacha na alama za msumeno. Sakafu zao nyingi bado zinakanyagwa.

Mama Sakafu

Umeeleza vizuri. Kwa ganda na moyo tutaendelea kutofautiana, wangu nitaendelea kuwafundisha ganda juu, kwa sababu kijana akiwa na kanuni moja hakosei saa kumi na moja jioni akiwa amechoka. Na ulimi na gruvu, yaani ukingo uliotokeza unaoingia kwenye mfereji wa ubao wa jirani?

Mleta uzi

Hoja ya uchovu naikubali, mama. Sikuwa nimeifikiria upande huo wa kusimamia vijana.

Kwa ulimi na gruvu, ipo randa ya Stanley namba 48, yenye kizuizi kinachozunguka: upande mmoja inakata ulimi, ukikigeuza inakata gruvu, kwa mbao za unene wa robo tatu ya inchi hadi inchi moja na robo. Namba 49 ni ya mbao nyembamba zaidi. Ni adimu hapa, ukiiona usiiache. Asiyekuwa nayo achimbe gruvu pande zote mbili kwa ruta, ile mashine ya mkono ya kuchimba mifereji, aingize ulimi wa kipande cha pekee. Uso mzuri uelekezwe upande mmoja kwa mbao zote wakati wa kuchimba, ili tofauti ndogo za unene zibaki chini ambako hakuna anayezihisi kwa nyayo.

---

Mwanagenzi

Fundi, baada ya kuranda, nipige msasa kwa mashine? Na nimeona madoa meusi kwenye ubao wangu wa mazoezi mahali niliposhika kwa mikono yenye jasho baada ya kusugua randa.

Mleta uzi

Hayo madoa ni unga wa chuma umekutana na tanini na maji. Ni jambo lilelile la tone la siki. Nawa mikono kabla ya kugusa mwaloni, usiache randa ilale juu ya ubao wenye unyevu, usitumie waya wa chuma kusugulia, na skrubu ziwe za shaba au za chuma kisichoshika kutu. Doa ambalo tayari lipo hutoka kwa asidi ya oksaliki iliyoyeyushwa majini. Vaa glavu, ni sumu, kisha suuza vizuri na uache ubao ukauke kabisa.

Msasa wa mashine kwenye uso uliorandwa vizuri siupendi. Randa hukata nyuzi, msasa huzichanachana, na kwenye mwaloni utaona uso umefifia. Baada ya mbao kulazwa, tembea na namba 4 iliyonolewa upya, ukiondoa tofauti kati ya ubao na ubao tu. Mahali nyuzi zimegeuka, tumia bamba la kukwangulia.

Na unapolaza mbao, acha nafasi ya milimita 10 hadi 15 kando ya kuta zote, skatingi, ule ubao wa chini ya ukuta, itaifunika. Skatingi ipigiliwe ukutani, isipigiliwe kwenye sakafu.

Mkaazi wa Kikuyu

Swali la mwisho kwangu. Nikizilaza juu ya zege kwa batini, vile vipande virefu vya mbao vya kupigilia juu yake, kuna kitu cha kuweka katikati?

Mleta uzi

Ndiyo, polithini nzito, vipande vipandane angalau sentimita 20 na viungwe kwa tepu, ikipanda kidogo ukutani nyuma ya skatingi. Batini ziwe zimekauka kama mbao zenyewe, zipime pia. Ukishapanga mbao zako kwenye vijiti, tuma hapa uzito wa ule ubao wa kupimia kila wiki, tutasoma pamoja lini uanze.